Lupango ya Baba Haiuzishiwe

Na rangi ya rouge! Si noir, si bleu, rouge yenyewe, nyekundu sawa damu, jamani! Herufi mukubwa-mukubwa sawa ya mutoto wa première primaire yenye bamemupatia craie mara ya kwanza, toka ku mulango ya lupango, ile kiwanja ya baba, mupaka fasi kibambazi, ile ukuta ya inje, inaishia: HII PARCELLE HAIUZISHIWE. Na vile fasi ilibakia kidogo chini, akaongeza ya kufukuza bajanja: BAESCROCS MUPITE MBALI.

Commune ya Katuba yote ilisoma mbele ya kunywa chai. Bamama yenye banaletaka muhindi ya kusaga ku moulin balisimama mu barabara na mabeseni ku kichwa, banasoma kwa sauti, banacheka, banarudilia kusoma.

— Mama Constance, ni weye njo uliandika vile?

— Ni pinceau njo iliandika. Mi niliishika tu.

— Eee! Na yaya yako Godefroid, kaka yako mukubwa, akiona?

— Macho iko nayo. Asome.

Alisema vile na kichwa juu, lakini pinceau ilikuwa bado mu mukono, na rangi ilikuwa inatonya ku viatu yake bila ye kuona. Constance si muntu wa fujo. Ku moulin, kama mama moja anasema bunga yake ilipunguka, Constance anamuongezea paka vile, bila kubishana. Sasa muntu wa vile akiandika ku kibambazi na rouge, ujue kintu ilimufika mu roho.

Ilimufika jana yake. Mwanaume moja aliingia mu lupango na mètre ya kupimia. Jambo? Hakuna. Hodi? Hakuna. Alipima toka mulango mupaka ku manguo yenye ilikuwa inakauka, akazunguka kanyumba ya moulin, akagonga kibambazi yake na kidole sawa muntu anayejaribu tikiti, kiisha akaambia mwenzake: «Hii tutavunja.» Constance alikuwa amesimama pale pale, mweupe na bunga toka kichwa mupaka miguu, na ule mwanaume alimupita sawa anapita mufuko. Nyuma yake, Godefroid alikuwa anaangalia telephone. Godefroid njo mukubwa ya familia. Alimuona dada yake na macho yote mbili. Alirudisha macho ku telephone.

Njo Constance alienda kununua rangi.

Saa sita, midi yenyewe, telephone ikalia.

— Constance! Unaniweka haya mbele ya mununuzi! Muntu amenipigia, anauliza kama familia yetu iko ya bawazimu!

— Umuambie ndiyo.

— Mi ni liquidateur, mwenye kusimamia mali ya bazazi! Ni familia yenyewe iliniweka, siku ya kufunga matanga ya mama!

— Balikuweka ulinde, yaya. Hawakukuweka ufungue mulango.

Godefroid akakata. Ye si muntu mubaya, tuseme kweli. Anafanya kazi ya bureau ku ville, anapanga mu apartement ya juu, na kila mwanzo wa mwezi mwenye nyumba anamungojea ku ngazi sawa muke mwenye wivu. Kwake, lupango ya baba ilikuwa franga yenye imelala. Kwa Constance, ilikuwa fasi yenye anaamukia.

Kwa sababu mashine ya kusaga, haubebe ku kichwa. Ile moulin imefungwa mu béton, na courant yake, ile umeme yenye ilimuchosha kutafuta, na baclients yake ni ba ile avenue. Ukimutosha pale, ukimufukuza, umetosha moulin. Ukitosha moulin, Constance anakuwa mama moja tu mwenye miaka mingi, mufuko ku mukono, anatafuta nani atamupokea.

*

Maître Huguette ni mutoto wa jirani, alikomalia mu ile avenue, sasa ni avocate, wakili. Bureau yake iko ku commune ya Kenya, hapa hapa mu ville, juu ya fasi banauzishaka bipande ya moto, ni kusema pikipiki, na kila mara banajaribu moteur, muntu anapashwa kunyamaza kwanza.

— Tantine Constance, fikiri sahani moja ya bukari, ile ugali yetu, na batoto batatu. Weye, yaya Godefroid, na mudogo yenu Lucien. Sheria inaita ile indivision. Muko bote ku sahani, hakuna mwenye anaweza kusema huu upande ni wangu.

— Mi nilikuwa naamini upande wa moulin ni wangu.

— Mashine ni yako. Bulongo yenye inakanyaga ni ya batatu.

Moteur ikalia chini. Constance akangojea, lile neno linazunguka mu kichwa yake.

— Sasa bukari, munaweza kuikata, kila mutu na kipande yake, kama bantu ba cadastre, bale ba kupima bulongo, banaitika. Ao moja anasema, muniachie sahani yote, nitabalipa sehemu yenu. Ao muuzishe sahani muzima na mugabane franga. Munaweza pia kuandikiana kwamba bado hamukule, munangojea kidogo, na mbele ya hapo hakuna mwenye kusumbua mwenzake.

— Na kama hatupatane?

— Njo pale inakuwa mubaya. Moja yenu anapeleka maneno ku tribunal, ku mahakama. Juge akiona bukari haikatike muzuri, anatuma baiuzishe mbele ya bantu, mwenye anatoa mingi anabeba. Banaitaka licitation. Na mara mingi mwenye anabeba ni muntu hamujue.

Constance akakamata vizuri kisakoshi yake.

— Mi nikikatala kutia signature?

— Kuuzisha ku muntu wa inje bila signature yako, yaya Godefroid hawezi, ata kama ni ye liquidateur. Lakini na weye hauwezi kumulazimisha abakie ku sahani milele. Hakuna muntu banafungaka mu lupango na bandugu yake kwa nguvu, tantine. Ni sheria.

— Basi rangi yangu ilifanya nini?

Huguette alijikaza asicheke, ikamushinda.

— Rangi inakimbizaka banunuzi. Juge hasomake kibambazi.

Constance alirudi Katuba na miguu, ata makuta ya bus ilikuwa mu kisakoshi. Alitaka barabara yote ya kufikiri. Kile kilimusumbua si ile ya tribunal. Ni ile ya kwamba Godefroid naye ana haki. Unaweza kukasirikia muntu kabisa kama ana makosa. Kama ana haki, utafanya na kasirani yako nini?

*

Siku ya posho, ile jumamosi, Lucien akafika toka Mokambo, paka na vumbi ya njia na sakosh ya biscuits ya Zambia. Lucien njo mudogo wa bote, anavukishaka bintu ku mupaka, leo mafuta, kesho sabuni, na kila siku biashara yake iko karibu kusimama na karibu kuanguka. Ye alisema mambo yake bila kuzunguka:

— Yaya, dada, mi sina upande mu hii vita. Mi nataka sehemu yangu tu. Ata mukinipatia mu mabriques, nitauzisha mabriques.

— Basi tukate, Godefroid akasema. Tukate bulongo, kila mutu na yake, tumalize.

Hakukuwa na mètre. Constance akafungua kamba ya kuanikia manguo, Lucien akapiga miti mu bulongo, na batoto ba bazazi ba mu quarter yote bakapanda ku kibambazi kuangalia. Kamba ya kwanza ikapita ku dirisha ya chumba yenye baba na mama balikuwaka banalala, ikatokea ku mulango ya jikoni. Kamba ya pili ikaenda, ikaenda, ikakata moulin katikati.

Batatu bakasimama, banaangalia.

— Ngoja, Lucien akasema. Kama naona muzuri, mama ataleta muhindi kwa yaya Godefroid, bunga itatokea kwangu?

— Na Constance? mutoto moja akauliza toka juu ya kibambazi.

— Constance atabakia na makelele!

Godefroid akafunga midomo, lakini cheko ikamutoka ku mapua.

— Na angalia, angalia huku, Lucien akaendelea, anatembea juu ya kamba sawa muntu wa cirque. WC yote iko kwangu! Mi njo patron wa WC! Kila muntu wa hii familia atakuya na heshima: «Ba Lucien, tunaomba njia.» Yaya Godefroid kwanza, na cravate yake!

Bakacheka. Bote batatu, mupaka Constance akashika ubavu na Godefroid akatosha lunettes kufuta machozi. Toka matanga ya mama hawakukuwa bamecheka pamoja, na kila moja alisikia ile, na kila moja aliogopa kuwa wa kwanza kunyamaza.

Ni Godefroid njo alinyamaza. Akarudisha lunettes.

— Mumeona. Haikatike. Basi juge ataikata. Nitapeleka maneno ku tribunal, na hakuna muntu aniite mubaya.

— Hakuna mwenye anakuita, Constance akasema.

Akakunja kamba, pole pole, ku mukono yake, akarudi kuanika manguo.

*

Sasa musikie vile Mungu anapangaka mambo! Ata juma haikuisha, Godefroid akashuka ku moto mbele ya ile kibambazi, peke yake, viatu na vumbi. Akaangalia maandishi. Akaangalia bantu mwenye balikuwa banamuangalia anaangalia maandishi. Akaingia mbio, akaomba kiti.

Constance alikuwa anafunga mufuko ya bunga. Hakumuharakisha. Muntu akikuomba kiti mbele ya kusema kintu, ujue anakuya na muzigo.

— Mutoto yangu Sephora amepata muntu, akasema kiisha. Balikwisha kuleta barua. Siku ya Mungu bakwe banakuya na dot, na mahari yote.

— Alléluia! Mutoto yetu Sephora! Na unaniambia na uso ya matanga?

— Constance… Nitabapokea wapi?

Hapo njo Constance akaelewa. Ku familia yao, mutoto mwanamuke anatokaka mu lupango ya bankambo yake. Bakwe hawapande ngazi ya kupanga kuenda kuomba bibi mu salon ya muntu mwingine, bazee bamoja mu couloir, bamoja ku balcon. Lazima mulango yenye kufunguliwa, lazima kiwanja, lazima bulongo ya kumwangia bazimu ba bankambo kidogo ya munkoyo, ile kinywaji ya muhindi. Godefroid alikuwa na apartement. Bulongo hakukuwa nayo, ni hii tu, hii hii yenye anataka kupeleka ku juge.

— Utabapokea hapa, Constance akasema. Wapi tena?

— Na kibambazi?

— Kibambazi inafanya nini?

— Constance, usinichezee. Banasoma! Bakwe bangu bamesoma, baba ya kijana ni professeur! Futa. Siku moja tu.

— Nifute ju ya siku moja, kiisha siku ya pili unitoshe?

Godefroid akafuta vumbi ku viatu yake. Hapo neno likapanda mu koo ya Constance, tayari, tamu sawa asali: kwanza utie signature kwamba hauende tena ku tribunal. Alikuwa amemushika. Mutoto wa kike, bakwe njiani, baba mwenye haya: hakuna avocate mwenye anaweza kukupatia nguvu sawa ile. Sekunde moja tu, na lupango inaokoka.

Kiisha akamuona Sephora. Hakukuwa pale, lakini akamuona, vile alikuwa mudogo, analala juu ya mifuko ya bunga, nywele mweupe sawa kazee. Huyu mutoto ajue kwamba tantine alimuweka ku kilo, upande mwingine jiwe?

— Nitapaka chokaa, akasema. Enda kazi.

— Unataka nini ju yake?

— Nimesema enda kazi, yaya.

Akaenda. Na tuseme kweli, alienda bila kusema aksanti, ju aksanti ilikuwa nzito sana kwa mudomo yake.

*

Chokaa, jamani, haishikake juu ya rangi ya mafuta. Kama Constance angeuliza maçon moja tu! Alipaka, akarudilia, siku ya posho mangaribi kibambazi ilikuwa mweupe, unaweza kufikiri ni ya parokia. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, jua ikapanda, chokaa ikakauka, ikaanza kukatika na kuanguka sawa ngozi ya muntu mwenye homa. Na chini yake, rouge.

Na bakwe, je, unajua vile tunabapokeaka? Tunabaacha inje! Mulango imefungwa, banapashwa kuimba, kubembeleza, kutoa kintu kidogo ya kufungua. Bamama ba ndani wanasema kila mara: «Haitoshe! Ongezeni!» Desturi muzuri sana. Siku ile, ile desturi iliweka bantu bote ba bukwe mu jua, mu mistari, bamevaa maliputa, vitenge ya kufanana, mbele ya kibambazi, bila kazi ingine paka kusoma.

Ndani, Constance alisikia vile nyimbo inapunguka. Sauti moja ikanyamaza, kiisha ingine. Akaelewa. Akasukuma bamama, akafungua mulango ye mwenyewe mbele ya franga kutosha.

Bakaingia. Bakaikala. Mwenye kusema wa bukwe alikuwa muzee Kalaba, kazee ka kofia, mwenye cheko mu macho. Upande huu ni Lucien njo alipashwa kusema, juu baba ya mutoto hasemake siku ya dot; anaikala paka pale sawa sanamu, bengine wanasema kwa jina yake.

Kalaba akasimama, akatosha kofia.

— Familia, jambo yenu. Tuliondoka ku nyumba tunakuya kutafuta ua. Tukafika, tukasoma, tukaulizana: chauffeur alikosea, alitupeleka ku tribunal?

Bantu bakacheka, lakini cheko ya juu-juu. Godefroid alikuwa anaangalia viatu yake.

— Msikasirike, Kalaba akaendelea, na sasa sauti yake haikukuwa tena na muchezo. Ata kwetu kuko malupango ya vita. Lakini mi ni muzee, napashwa kuuliza. Huyu mutoto tunamubeba. Siku moja, Mungu akatae, akikosana na bwana yake, atarudi wapi? Kama kijana wetu anamupiga, nani atatuita, na atatuita mu nyumba gani? Bibi hana fasi ya kurudia, bwana anamuzoea vibaya. Tunajua bote. Basi, hii nyumba itakuwa hapa, ao haitakuwa?

Kuku moja tu njo ilipita katikati ya biti, bila haya. Lucien, mwenye alipashwa kujibu, akaangalia Godefroid. Bamama ba quarter, bote baclients ba moulin, bakageuza macho ku Constance. Walikuwa wanajua yote. Walikuwa wanangojea aseme.

Constance akasimama. Ye alirudiaka hapa, na mufuko moja, siku ndoa yake ilivunjika, na mama hakuuliza ata swali moja, alimuonyesha tu fasi ya kulala. Lile swali la Kalaba, hakuna mwenye anaweza kulijibu kumupita ye.

— Papa Kalaba, maandishi ni yangu. Mi njo niliandika. Kuko baescrocs bengi siku hizi, banauzisha malupango ya bantu bakiwa ku misa. Nilipaka chokaa mubaya, mutanisamehe, mi ni muntu wa kusaga, si wa kupaka. Yaya yangu hana kosa mu ile.

Na akaikala. Ile tu. Buwongo ndogo, safi, sawa kitambaa yenye unamufunika nayo mutoto wa muntu mwingine mbele ya wageni.

Godefroid akanyanyua kichwa. Akaangalia dada yake muda murefu, vile hakumuangalia ile siku ya mètre. Kiisha, mbele ya bantu bote, mbele ya desturi, sanamu ikasimama!

— Yaya, ikala! Lucien akamuambia chini-chini. Hausemake!

— Nasema. Ba Kalaba, mutoto yangu akirudi, atarudi hapa. Sehemu yangu ya hii lupango, siuzishe, sipeleke ku juge. Mumesikia, familia mbili. Munishike ku hii neno.

Yoooo! Bamama bakapiga vigelegele mupaka batoto bakaanguka ku kibambazi! Na unajua, neno yenye muntu anatoa mbele ya bakwe, haina greffier wa kuiandika, lakini jaribu kuirudisha: utazeeka wanakuchekelea ku kila matanga.

*

Lakini sehemu ni tatu. Constance alikumbuka ile wakati anaosha masahani, bakwe bamekwisha kuenda na Sephora analia kwa furaha mu chumba. Godefroid alitoa neno yake. Lucien hakutoa yake. Na Lucien peke yake anaweza kupanda ngazi ya tribunal.

Akakuya kumukuta jikoni, Lucien, cravate mu mufuko.

— Dada, miye sikusema kintu mbele ya bakwe. Umeona?

— Nimeona.

— Si juu sikupende. Ku Mokambo bintu imesimama. Sina muda ya kungojea.

— Mi sikuombe ungojee. Nataka kununua sehemu yako. Moulin italipa, kidogo-kidogo, na Huguette ataandika. Weye useme bei tu.

Godefroid alikuwa amesimama ku mulango, mukono ku muti ya mulango, hakuingia, hakutoka. Lucien akainama, akasema bei mu sikio ya Constance, kwa sauti ya chini sana, ju ilikuwa kubwa mupaka ata ye mwenyewe alisikia haya.

Constance akaacha sahani mu maji. Akaangalia mudogo yake, mwenye alimubebaka ku mugongo.

— Kesho asubui, kwa Huguette, batatu yetu, akasema. Urudilie ile bei kwa sauti, mbele ya yaya. Kama mudomo inaweza kuisema mara ya pili, nitalipa.

Na aliirudilia? Weee! Huguette mwenyewe alisimama ku kiti! Lakini muniache nimeze mate kwanza, sauti imeniisha. Kesho, mbele ya moulin kuanza kulia, nitawaambia ni nini ilitoka mu ile mudomo.